Sukari ya Matanga Mliitoa Wapi? Mwongozo wa Kuandika Msiba wa Familia Katika Riwaya ya Nyakati za Dhiki

Rasimu ya kwanza ya riwaya yangu nilimsomea mama mkubwa, kwake Nyakato, Mwanza, jioni moja umeme umekatika. Ilikuwa sura ya msiba. Mwaka 1983, bibi amefariki, ua umejaa watu, akina mama wanalia, chai inazungushwa kwenye trei na mandazi yapo. Niliipenda sura ile kuliko zote nilizowahi kuandika. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Mwanangu, hiyo sukari mliitoa wapi?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akaanza kunisimulia alivyozikwa bibi yake mzaa baba, mwaka huohuo. Sukari haikuwepo, watu walikunywa uji wa chumvi siku zote za matanga. Bafta ya sanda haikupatikana duka la kijiji wala mjini, na maiti haingoji. Mwisho marehemu alivishwa shuka la kitanda la mjukuu wake aliyekuwa anajiandaa kuolewa. Mjukuu huyo ni mama mkubwa mwenyewe. Aliolewa miezi miwili baadaye, akalalia mkeka.

Mimi nilikuwa nimeandika kurasa kumi na mbili za machozi, na shuka hilo halikuwamo.

Tangu jioni ile nimebadili namna ninavyofanya kazi hii, na hatua zifuatazo ndizo ninazozifuata sasa. Nimeziandika kwa ajili ya anayetaka kusimulia familia iliyopatwa na pigo katika miaka migumu ya huku kwetu, Mwanza na mwambao wa ziwa, ingawa nadhani hata mtu wa Lindi au Kigoma anaweza kuzitumia akibadilisha samaki.

Hatua ya 1: Chagua mwaka

"Zamani" haina bei ya chumvi. Chagua mwaka, na ukiweza chagua mwezi, kwa sababu huku msimu ndio unaoamua msiba utakwenda vipi. Mtu akifa Januari, pamba inataka palizi, na waombolezaji wanaitazama mvua huku wamekaa. Akifa Julai, pamba inauzwa, kuna senti mbili tatu kwenye kibindo na ndugu wa mbali wanaweza kulipa nauli. Huo peke yake ni mgogoro wa sura nzima.

Ukishapata mwaka, jiulize swali moja: nyakati zile ziliwanyima wafiwa nini? Kufiwa kupo kila zama. Kinachobadilika ni kile ambacho mfiwa alitaka kumfanyia marehemu wake akashindwa. Hapo ndipo historia inapoingia ndani ya nyumba.

Chukua 1916. Julai mwaka ule Waingereza waliitwaa Mwanza kutoka kwa Wajerumani, na vijana wa Usukuma wakabebeshwa mizigo ya vita ya watu wengine. Wengi hawakurudi, na hakuna aliyekuja mlangoni na karatasi. Mama alinyimwa habari, akabaki na mwana ambaye hawezi kusema ni hai au ni marehemu.

Chukua 1974. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi katika vijiji sasa ni amri, na mwisho wake ni 1976. Usukumani kila mji ulikuwa umekaa peke yake, na zizi lake, mashamba yake na makaburi yake. Watu wakahamishiwa kando ya barabara. Nyumba unaweza kuezua ukabeba boriti, kaburi hulibebi. Na ukame ukawa umeingia, serikali ikaja na kampeni ya kilimo cha kufa na kupona. Familia iliyomzika mtoto mwezi Juni na kuhamishwa mwezi Agosti imenyimwa njia ya kwenda kupalilia kaburi lake. Kwa maoni yangu hiki ndicho kipindi ambacho waandishi wetu wamekigusa juujuu kuliko vyote. Tunaandika malori na askari mgambo, tunasahau makaburi yaliyobaki nyuma yakaota mapori.

Vita vya Kagera, Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalipovuka mpaka hadi Kampala ilipoanguka tarehe 11 Aprili 1979, viliwanyima watu maiti. Wengi waliokufa wamelala Kaboya, wilayani Muleba, kwenye makaburi ya mashujaa, na si kila mzazi wa Kwimba au Sengerema aliwahi kufika huko. Utaanuaje matanga ambayo hukuwahi kuyatandika?

Baada ya vita Mwalimu aliomba miezi 18 ya kufunga mkanda. Miezi ikazaa miaka. Sabuni, sukari, nguo, mafuta ya taa, vyote kwa foleni na kibali; unga wa njano watu wakauita Yanga kwa rangi ya jezi; 1983 ukaja msako wa wahujumu uchumi, hata mwenye vipande kumi vya sabuni akawa na hofu. Hapo wafiwa walinyimwa heshima ndogondogo za mazishi, na hayo ndiyo ya shuka la mama mkubwa.

Wakati huohuo ng'ambo ya ziwa, Kagera, ugonjwa mpya, ambao leo tunauita UKIMWI, ulitambuliwa 1983, na watu wakaupa jina la kitambaa kilichokuwa kikiletwa na magendo: Juliana. Miaka iliyofuata familia zilinyimwa jina la kilichomuua mtu wao. Kifua, kurogwa, malaria sugu, chochote isipokuwa lile lenyewe. Bibi akabaki na wajukuu sita na neno moja ambalo haruhusiwi kulisema.

Chagua kimoja. Nimepitia miswada ambayo familia moja inahamishwa 1974, inapoteza mtoto vitani 1979, baba anakamatwa kwa uhujumu 1983, mama anaondoka na Juliana 1988, na aliyebaki anazama na meli 1996. Hiyo si familia, ni kalenda.

Hatua ya 2: Andika kilichokosekana kwa mstari mmoja

Karatasi moja, mstari mmoja, ubandike ukutani. Wangu wa sasa unasema: "Mzee Makoye hana maiti ya mwanawe, na mkewe hataki kunyolewa mpaka aione." Ni familia ya kubuni, kijiji cha kando ya ziwa upande wa Magu, mwaka 1979. Mtoto Mabula alichukuliwa mgambo.

Mstari ukiwa mzuri, hadithi inaanza kujiendesha. Nani anataka matanga yaishe haraka? Shemeji, kwa sababu mahari ya binti yake inasubiri. Nani anasema Mabula yupo hai? Mganga, na analipwa kuku kwa kusema hivyo. Nani anajua ukweli na ananyamaza? Kijana aliyerudi, aliyekuwa naye kikosi kimoja. Sikuhitaji kubuni jambazi wala kisasi. Kilichokosekana kimewagawanya chenyewe.

Mstari ukiwa "familia inapitia huzuni kubwa", rudi hatua ya kwanza.

Hatua ya 3: Kaa na wazee, na uulize vitu

Hatua hii ndiyo ndefu na ndiyo wengi wanaiharakisha. Mtu anakwenda na simu ya kurekodi, anaiweka juu ya meza, anauliza, "Bibi, ulijisikiaje mwanao alipofariki?" Bibi anajibu, "Ilikuwa kazi ya Mungu," mahojiano yanaishia hapo. Hakukosea yeye. Swali lile halina mlango.

Nenda mara ya kwanza bila daftari. Salimia kwa lugha yake. Hata kama Kisukuma chako ni cha kuombea maji, "mwangaluka" ya asubuhi inafungua mengi. Peleka sukari na sabuni, kwa sababu mgeni haendi mikono mitupu, na kwa sababu ukiwa na bahati mzee ataigeuza sabuni ile mkononi na kusema, "Wakati ule kipande kama hiki..." Hapo ndipo unapotaka kufika. Kama yuko shambani, shika jembe. Kama anapukuchua mahindi, pukuchua. Watu wa huku huzungumza vizuri mikono ikiwa na kazi na macho yakiwa mahali pengine.

Uliza vitu. Mlilalia nini siku za matanga? Nani alipika, na kwenye sufuria za nani? Kaburi lilichimbwa na vijana gani, wakapewa nini? Marehemu alizikwa upande gani wa mji, na kwa nini upande huo? Nguo zake alipewa nani? Nani hakuja? Hili la mwisho, "nani hakuja", limenipa hadithi nyingi kuliko maswali yote. Watu husahau waliokuja. Asiyekuja wanamkumbuka miaka arobaini.

Mwaka watakupa kwa namna yao. "Ule mwaka wa Yanga." "Mwaka tuliohamishwa." "Kabla Kulwa na Doto hawajazaliwa." Usimsahihishe mzee kwa tarehe zako, andika alivyosema, hesabu utafanya nyumbani. Majina ya watoto pia ni kumbukumbu: Mabula alizaliwa mvua ikinyesha, Shija alifuata mapacha, na Makoye maana yake ni matatizo, kwa hiyo uliza ni matatizo yapi. Nimewahi kupata mwaka wa njaa ya familia moja kwa kuuliza tu kwa nini watoto wawili wa mwisho wamepewa majina yale.

Machozi yakija, funga daftari. Usiseme "endelea tu". Kaa. Mwambie pole, subiri chai au ondoka urudi wiki nyingine. Na kabla hujatumia lolote mwambie waziwazi kwamba unaandika kitabu, kwamba utabadilisha majina na kijiji, na umuulize ni kipi hataki kionekane. Mzee mmoja aliniruhusu yote isipokuwa jina la ng'ombe aliyechinjwa. Sijui kwa nini. Sikuliandika.

Karatasi zipo pia, usizidharau. Parokia za zamani zina vitabu vya ubatizo na vya vifo. Bukumbi ilianzishwa na Mapadri Weupe mwaka 1883, na si yenyewe tu iliyo kongwe. Makumbusho ya Wasukuma pale Bujora, Kisesa, yatakuonyesha vyombo vya nyumbani kama vilivyokuwa, na ni heri kuona kigoda chenyewe kuliko kukibuni. Magazeti ya Uhuru ya miaka ile yatakupa maneno ya viongozi. Ila karatasi zitakuambia kilo ngapi za sukari ziligawiwa wilayani. Nani alikosa, utaambiwa na mama mkubwa.

Hatua ya 4: Pekua vitu visivyo vya wakati ule

Msomaji wa Kanda ya Ziwa atakusamehe tarehe. Samaki hatakusamehe.

Ukiandika 1974 watu wanakula sangara msibani, umeumbuka. Sangara alipandikizwa ziwani na watu miaka ya 1950 na 1960, na upande wetu alikuja kutawala nyavu katika miaka ya 1980. Chungu cha 1974 kina furu, ningu, kambare, dagaa. Mapanki, mifupa ya sangara inayobaki minofu ikishatolewa, ni habari ya viwanda vya baadaye. Magugu maji nayo yaweke miaka ya 1990, mitumbwi ya mwaka wa vita haikukwama humo.

Ondoa viti vya plastiki. Ondoa turubai la kukodi, spika na picha kubwa ya marehemu kwenye fremu ya maua. Watu walikaa kwenye mikeka, ngozi, magogo na vigoda, chini ya mti. Miguuni weka katambuga za tairi, na wengi peku. Majani ya mpapai yalifua nguo sabuni ilipokosekana.

Angalia vyeo na mipaka. TANU iliungana na ASP kuwa CCM tarehe 5 Februari 1977, kwa hiyo mwenyekiti wako wa tawi wa 1979 asiwe wa TANU. Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa 1976; mkulima wa 1978 aliyeuza pamba aliiuzia Mamlaka ya Pamba. Geita ilikuwa wilaya ya Mwanza mpaka 2012. Mwanza yenyewe ilikuwa manispaa, jiji imekuwa mwaka 2000. Bugando ilifunguliwa 1971, mgonjwa wa 1965 hapelekwi huko. Na anayetoka Sengerema kwenda kuzika mjini alingoja kivuko pale Busisi. Daraja limefunguliwa Juni 2025. Mtu anayengoja kivuko huku anajua mazishi ni saa nane, hiyo ni zawadi kwa mwandishi, usimpe daraja.

Hatua ya 5: Habari ifike kwa mwendo wa wakati ule

Sisi leo tunafiwa kwa sekunde. Simu inaita saa tisa usiku na mwili unajua kabla ya sikio. Kwa mhusika wako kati ya kifo na habari kuna siku, pengine miezi, na katika muda huo anaendelea kumtunzia marehemu chakula, kumpangia mke, kumkasirikia kwa kutoandika barua. Usiuruke muda huo. Mimi huuandika wote hata kama baadaye nitakata nusu.

Njia zilikuwa kadhaa. Mtu wa baiskeli, ambaye kila nyumba anayoipita inashusha pumzi. Simu ya maandishi, inayolipiwa kwa neno, ikisema MAMA MGONJWA NJOO HARAKA, na kila aliyeipokea alijua maana ya mgonjwa. Radio Tanzania, na matangazo yake ya vifo: orodha ndefu ya ndugu, "popote walipo wanapoipata habari hii", kijiji kizima kimezunguka redio moja yenye betri zilizoanikwa juani ili zipate nguvu. Katika vita kulikuwa na njia nyingine kabisa, ya wenzake kurudi na yeye kutoshuka kwenye lori.

Na mjumbe naye ni mtu. Usimtumie kama bahasha. Alikula nini njiani? Alikaribishwa maji kabla ya kusema, akayanywa? Nilimwandika mjumbe anayesifia ndama wa mwenye nyumba dakika tano nzima, kwa sababu ndama ni kitu cha mwisho kizuri atakachoweza kumwambia.

Hatua ya 6: Andika tukio, halafu ondoa kilio

Hii hapa rasimu yangu ya zamani ya Milembe, mke wa Makoye, aibu zangu mwenyewe:

"Milembe alilia kwa uchungu mkubwa usioelezeka. Machozi yalimtiririka kama mto Mirongo wakati wa masika. Alihisi dunia yote imemgeuka. Moyo wake ulivunjika vipande vipande na hakuona sababu ya kuendelea kuishi."

Kila sentensi hapo inaweza kuhamishiwa kwa mwanamke yeyote, mwaka wowote, bara lolote. Mto Mirongo haukusaidia, nimeupachika tu ili ionekane ni Mwanza. Hii ni rasimu ya tatu:

"Lori la mwisho lilipita saa kumi. Milembe alihesabu walioshuka, wanne na gunia moja, akarudi jikoni akasonga ugali. Alipopakua, mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye sahani ya bati yenye ukingo wa bluu, sahani ya Mabula, ukaijaza. Makoye aliiona. Alinawa, akala cha kwake, na walipomaliza akaifunika sahani ile kwa ungo akaiweka juu, panya wasifike. Asubuhi Shija akaushusha ugali umekauka, akauliza ni wa nani. 'Wa kaka yako,' Milembe akasema. 'Kula.'"

Hakuna anayelia. Njaa ipo, kwa sababu ugali wa jana hautupwi. Na neno "kula" ndilo tangazo la kifo, ingawa Shija hajui. Sidai kwamba ni maandishi makubwa, ila mama mkubwa aliposikia aliniomba nirudie mwisho.

Namna ya kufika hapo ni hii. Andika tukio lote na vilio vyake, usijizuie. Kesho yake piga mstari chini ya kila neno la hisia: uchungu, huzuni, majonzi, simanzi. Kwa kila moja tafuta kitu ambacho mkono wa mhusika unakifanya wakati huohuo, kisha futa neno, acha mkono. Kilio kimoja ukiache, mahali kisipotegemewa, kwa mtu asiyetegemewa. Katika riwaya yangu anayelia ni shemeji mwenye haraka ya mahari, wiki tatu baada ya kila mtu kunyamaza, akiwa anafunga kamba ya mbuzi.

Tukio kubwa la historia lipite ukingoni. Mwishoni mwa Machi 1979 ndege ya Libya iliyokuja kumsaidia Amin ililenga Mwanza, ikakosa, mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane na kuua swala na ndege wa hifadhi. Ni kishawishi kikubwa, najua, nami niliandika kurasa nane za moshi na king'ora. Nikazifuta. Sasa zimebaki sentensi mbili: Makoye yuko mjini kufuatilia habari za mwanawe kwenye ofisi fulani, mlio unasikika, karani anakimbia nje na kuacha faili wazi juu ya meza. Makoye hajui kusoma.

Hatua ya 7: Lugha ya msibani

Msiba wa Kiswahili una maneno yake yaliyotengenezwa tayari. Kazi ya Mungu haina makosa. Bwana alitoa, Bwana ametwaa. Sote njia yetu ni moja. Ndiyo dunia. Usiyafute, maana watu kweli waliyasema na wanayasema, lakini yatumie kama watu wanavyoyatumia, yaani kama ngao. Mpe mmoja ayaseme na mwingine akereke. Mpe padri au shehe ayaseme akiwa amechoka, huu ni msiba wa nne wiki hii.

Kufa kuna daraja zake. Mzee ametutoka, amelala, hatunaye. Mtoto mchanga watu hupunguza sauti na kusema amerudi. "Amekufa" limebaki kwa hasira na kwa watoto wadogo, kwa hiyo likitokea kwenye mazungumzo lazima liume.

Miaka ya 1970 ofisini ni "Ndugu": Ndugu Katibu, Ndugu Mwenyekiti. Nyumbani ni baba, mayu yaani mama, mjomba, shangazi. Hakuna mkwe anayemwita mama mkwe jina lake. Maneno ya Kisukuma, Kikerewe au Kijita yaweke pale ambapo sentensi inajieleza yenyewe. Ukijikuta unataka kuweka mabano ya maana, badilisha sentensi.

Methali, moja kwa sura inatosha, na asiiseme msimulizi.

Hatua ya 8: Ruka mbele

Riwaya nyingi huishia kaburini au siku ya kuanua matanga. Dhiki halisi ilianza siku iliyofuata, wageni wakiondoka na sufuria zao. Ruka miezi sita. Jembe la marehemu sasa anatumia nani? Deni la dukani limeandikwa kwa jina lake, nani atalibeba? Mjane anaulizwa habari ya kurithiwa na shemeji, na anajibu nini mbele ya wazee, na anajibu nini kisimani? Sura ya namna hii ikikushinda, ujue hukuwa unamjua mjane, ulikuwa unajua mazishi tu.

Hatua ya 9: Ukiandika jeraha ambalo bado bichi

Vijana wengi wanaoniletea maandishi wanataka kuandika MV Bukoba. Siwakatazi. Meli ilizama asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996, karibu kabisa na Mwanza, ikitokea Bukoba kupitia Kemondo. Uwezo wake ulikuwa abiria 430. Idadi rasmi ya waliokufa ni 894. Hesabu hizo mbili ukiziweka bega kwa bega, tayari unajua nyakati zile ziliwanyima wafiwa nini: mamia walikuwemo bila jina lolote kwenye orodha, na ndugu yao alilazimika kuthibitisha kwamba mtu wake alipanda. Hapo pana riwaya nzima, bila kugusa maji.

Sehemu ya maji ninawaomba waiache, au waiandike mwisho kabisa. Watu waligonga kutoka ndani ya meli iliyopinduka, tundu likatobolewa, hewa ikatoka, meli ikazama. Aliyekuwa anasubiri ufukweni siku ile huenda leo ni dereva wa bodaboda aliyekupakia asubuhi. Kabla hujaandika, nenda Igoma kwenye makaburi, kaa saa moja, tazama wanaokuja kufagia. Kisha jiulize kama unaweza kumsomea mmoja wao ukurasa wako uso kwa uso. MV Nyerere, Septemba 2018 kule Ukara, ambako walikufa watu 228, kwangu mimi bado ni mapema mno, ingawa mwingine anaweza kuona tofauti.

Hatua ya 10: Msomee aliyekuwepo

Kwa sauti, jioni, bila haraka. Usimpe karatasi, macho ya wazee yamechoka na karatasi inamfanya awe mwalimu. Soma na umtazame mikono. Akianza kushughulika na ncha ya kanga, weka alama pembeni ya ukurasa, pale pana kitu. Akisinzia, weka alama pia.

Akikusahihisha, usijitetee kwamba ni hadithi ya kubuni. Andika.

Ile sura ya 1983 niliiandika upya yote, bila chai, bila mandazi, na shuka likiwa katikati. Nilimrudishia mama mkubwa mwezi wa pili wa mvua. Nilisoma mpaka pale akina mama wanapolikunjua juu ya mwili na msichana anaambiwa atoke nje, naye hatoki. Aliinua mkono nikanyamaza.

"Umeandika jeupe," akasema. "Halikuwa jeupe. Lilikuwa na maua ya samawati pembeni, nimeyatarizi mwenyewe. Bado moja lilikuwa halijaisha, sindano ilikuwa humo. Shangazi ndiye aliyeichomoa."

Nikatafuta kalamu gizani.